Mshipi Hauna Mjomba

Picha ya mapafu ya Ambwene ilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo Gwantwa alipoanza kuogopa.

Mtoto wa mwaka mmoja na kitu, anayekohoa huku anarusha miguu, hatoi picha safi namna ile. Thubutu! Gwantwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale katika kituo cha afya cha Igembe, kwa kuwa saketi iliyoichora picha hiyo aliibuni yeye, akaichomelea yeye, na akaitukana yeye kwa kila tusi alilolijua mpaka ikakubali kufanya kazi. Picha ya kweli ya mtoto msumbufu huwa na mikwaruzo. Hii ilikuwa imetulia tuli: mapafu mawili ya buluu yanajaa na kupungua, kulia na kushoto sawasawa kama mapacha. Lakini mtoto mwenyewe, pale kitandani, mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila alipovuta pumzi, na pua zimemtanuka.

"Njano," alisema mganga mfawidhi, Bwana Mwalwisi, akisoma taa ndogo kwenye mshipi uliozunguka kifua cha mtoto. "Huyu atasubiri hadi kesho. Anayeruka leo ni Asifiwe."

Kwenye kitanda cha pili, mwanamke mwembamba aliyevaa koti la mvua la wachuma chai alifumba macho. "Ahsante, Mungu wangu," alisema. Mshipi wa binti yake ulikuwa unawaka taa nyekundu. Ndivyo mambo yalivyokuwa Igembe siku hizo: mama alimwombea mwanawe taa nyekundu, maana nyekundu ndiyo iliyokuwa tiketi ya Mwewe.

Mwewe kilikuwa kindege kisicho na rubani, chakula chake jua. Watu walikipa jina hilo kwa utani, kwa sababu kilishuka uwanjani, kikanyakua mtoto na kupaa. Msimu wa mvua, mawingu yanapoufunika mlima Rungwe wiki baada ya wiki, Mwewe hakikushiba. Kilikuja mara moja tu kwa siku, kikachukua mgonjwa na mtu wa kumshika, basi. Na mto ulikuwa umelibeba daraja siku ileile Gwantwa alipofika kubadilisha betri za mishipi, kazi aliyodhani ataimaliza na kurudi Mbeya kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo njia ya kufika hospitali kubwa mjini, kwenye mashine za kupumulia, ilibaki hiyo moja ya angani.

Tusekile, mama yake Ambwene, hakubisha. Alimvuta mwanawe karibu akasema, "Sawa, daktari." Hakuna aliyebishana na Mshipi. Zamani, kabla haujaletwa, kiti cha Mwewe kilikuwa cha wenye mkono mrefu. Watu wa Igembe bado wanasimulia habari za mama mkwe wa diwani aliyepaishwa mjini kwa sababu ya kiungulia, huku mtoto wa mtu anakata roho mlangoni. Mshipi ulikuja ukakomesha upuuzi huo. Unamfunga mgonjwa, unapima pumzi zake, unamlinganisha na mwenzake, unawasha taa. Haupokei simu ya mkubwa, haupokei jogoo. Watu wakatunga msemo: Mshipi hauna mjomba. Siku Gwantwa alipoukuta msemo huo umechapwa kwenye kanga sokoni, alinunua doti mbili na kwenda nazo nyumbani anacheka peke yake njia nzima.

Leo hakucheka. Alimwinamia Ambwene, akapitisha kidole chini ya mshipi, upande wa kulia. Kidole kikateleza.

"Wifi," alisema taratibu, "umempaka mtoto mafuta?"

Tusekile alikuwa mke wa kaka yake Gwantwa, na kaka mwenyewe alikuwa mbali, kwenye machimbo ya Chunya. Mara ya mwisho mawifi hawa wawili kuonana ilikuwa harusini. Tusekile akatazama sakafu.

"Kidogo tu, wifi."

"Lakini si mganga alimfuta kifua kabla ya kumfunga?"

"Alimfuta na ile pamba yake yenye spiriti, mtoto akapauka kweupe! Halafu nikasikia sauti yako nje. Nikasema, mama wee, wifi yangu katoka Mbeya, anamkuta mtoto wa kaka yake kapauka kama hana wenyewe. Si utasema kaka yako alioa gogo? Nikampaka harakaharaka. Nilianza upande wa kulia, mlango ukafunguka, nikamshushia fulana."

Masikini. Gwantwa hakuweza hata kumkasirikia, maana angemkasirikia na mama yake mzazi. Kule kwenye baridi ngozi hupasuka, na mwanamke wa Rungwe yuko radhi achelewe hospitali kuliko kumfikisha mtoto hajang'aa. Gwantwa mwenyewe alikua anang'aa hivyohivyo, amepakwa mafuta ya mgando hadi nyuma ya masikio. Ila Mshipi aliujaribia Dar es Salaam, kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wanatiririka jasho, na umeme hakuna kinachoufurahisha kama jasho. Alijua mambo yote mawili, na siku zote alizokaa na saketi ile mezani hakuwahi kuyaweka pamoja.

Kitanda cha pili, Asifiwe alikuwa amepauka. Mama yake alitoka naye shambani juu alfajiri, mvua ikawapiga njiani, na muda wote alikuwa anamfunikafunika kwa kanga ili watu wasimwone. Kumbe huko kupauka ndiko kulikompa mwanawe kipimo cha kweli.

*

"Rudia kipimo," Gwantwa alimwambia Mwalwisi. Walikuwa stoo, katikati ya maboksi ya dawa, mlango umerudishwa.

"Siwezi. Kanuni inasema kipimo kinarudiwa pale tu Mshipi wenyewe unapoomba."

"Hauwezi kuomba, Mganga. Niliufunga mdomo mimi mwenyewe."

Na ilikuwa kweli. Ukiondoa majigambo ya wahandisi, kazi ya Mshipi ni nyepesi kuieleza. Una elektrodi kumi na sita, yaani vifungo vya chuma vilivyopangwa kuzunguka kifua. Saketi inapitisha mkondo mdogo mno wa umeme, ambao hata mtoto mchanga hausikii, kutoka kifungo kimoja hadi cha jirani, na vifungo vingine vyote vinasikiliza. Zamu inahamia kwa jozi inayofuata, inazunguka kifua chote, inaanza tena kabla pumzi moja haijaisha. Hewa inaukataa umeme, maji yanaukaribisha. Kwa hiyo pafu lenye hewa linajulikana, na pafu lililojaa maji ya homa linajulikana. Lakini umeme lazima kwanza uingie mwilini, na mafuta ya mgando kati ya kifungo na ngozi ni mlango uliofungwa kwa komeo.

Saketi ya kwanza ya Gwantwa ilikuwa na adabu ya ukweli. Kifungo kikikosa ngozi, ilichora tundu jeusi mahali pale. Matundu yakizidi, iliwasha taa nyeupe. Taa nyeupe maana yake ilikuwa moja: sijui. Wakubwa wa mradi hawakuipenda kabisa. "Hakimu gani anakaa kitini halafu anasema sijui?" waliuliza. "Watu wataudharau." Gwantwa akarudi mezani akabuni kitu alichokiita kiraka. Kifungo kikikosa ngozi, saketi inaazima vipimo vya upande wa pili wa kifua, inaviweka mahali pa tundu na kushona vizuri usione mshono. Wakubwa wakapiga makofi. Yeye pia alijipigia makofi, tusimfiche. Kilikuwa kipande kitamu cha ufundi.

Na leo kiraka kilikuwa kimelichukua pafu zima la kushoto la Ambwene na kulichora mara mbili. La kulia hakuna aliyeliona.

Mwalwisi alivua miwani akaifuta kwa koti. Alikuwa mtu mzima, rika la baba yake Gwantwa, na alimwita mwanangu bila kujikaza. "Gwantwa, mwanangu. Yule mtoto ni wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Na wewe ni nani yake?"

"Shangazi yake."

"Basi sikia yatakayosemwa pale nje. Mshipi hauna mjomba, kumbe una shangazi! Ukigusa hiyo saketi leo, taa ikahama kutoka kwa mtoto wa mchuma chai kwenda kwa mtoto wa kaka yako, kesho nani atauamini? Mimi niliona ilivyokuwa zamani. Nilichagua kwa mkono huu. Walinililia, walinilaani, waliniletea ng'ombe mlangoni. Sitaki kurudi kule."

"Na Ambwene akifa usiku wa leo kwa kuwa niliogopa maneno ya watu?"

Macho ya Mwalwisi yalitua kwenye kishikwambi mkononi mwa Gwantwa. Kwa neno lake la siri, Gwantwa angeweza kukizima kiraka hapohapo, kwa kugusa mara moja, na hakuna binadamu angejua.

"Nadhani nakwenda kunawa mikono," mzee alisema polepole. "Nikiwa nanawa siangalii nyuma."

Alikuwa anamhurumia, na huruma yake ilimchoma Gwantwa kuliko kanuni zake. Akaiona picha yote. Angekizima. Pafu la kulia la Ambwene lingejitokeza na maji yake. Mshipi ungelinganisha upya, na huenda taa zingebadilishana vitanda. Na yule mwanamke mwenye koti la mvua angefanyaje? Angemtazama mwanawe, angesema, "Sawa, daktari." Asingebisha, kwa sababu ameshafundishwa kwamba kile kitu hakina ndugu. Hilo "sawa" Gwantwa alilisikia masikioni kabla halijasemwa, na likamtia aibu.

"Usiende kunawa," alisema. "Twende wodini wote wawili. Nitasema."

*

Alisema. Aliyasema yote akiwa amesimama katikati ya vitanda viwili, kioo cha picha amekigeuza kila mtu aone: mafuta, kiraka, pafu moja lililochorwa mara mbili. Na kwamba yeye ni shangazi ya mtoto. Hilo alilisema mwanzo kabisa, lisije likagunduliwa baadaye.

Mama Asifiwe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama.

"Haloo! Kumbe ndivyo!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. "Mashine imefanya kazi miaka yote, imewapeleka watoto wa watu wote, leo zamu ya mwanangu imefika ndiyo imeharibika? Mlituambia haina mjomba! Mlitutungia na kanga!"

"Kanga hatukutunga sisi, mama," alijaribu Mwalwisi.

"Nyamaza wewe! Nyote lenu moja! Nimeshuka mlima na mtoto mgongoni, hata uji sijanywa, halafu anakuja mtu na kioo chake anasema kipimo kilikosea. Kilikosea kwa nani? Kwa mtoto wa kaka yake! Jamani, hata kudanganya hamjui?"

Gwantwa alikuwa na majibu ya kihandisi kama kumi, na hata moja halikufaa kutolewa mdomoni. Aliyejibu ni Tusekile.

"Dada," alisema, "kosa ni langu. Nilimpaka mafuta. Nilikuwa namwogopa wifi yangu." Na hapo hapo, mbele ya mganga na wifi na mtu asiyemjua, akaeleza tena habari ya kupauka, bila kujificha, machozi yanamlengalenga. Mama Asifiwe alimtazama mtoto anayeng'aa, akamtazama wa kwake, akaivuta kanga imfunike vizuri zaidi. Kisha akaketi.

"Tunawapima wote wawili upya," Gwantwa alisema. "Wote wanaogeshwa kifua kwa maji ya moto na sabuni. Kiraka nakizima kwenye mishipi yote miwili. Tutaona kilichopo, kizuri au kibaya. Na wewe mama, ukikataa, kipimo cha kwanza kinabaki na mwanao anaruka. Sitakuondolea zamu kwa nguvu."

Mwalwisi alishtuka. Gwantwa mwenyewe alishtuka. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na aliyaona ni ya haki.

Ambwene alikohoa, kikohozi kile kikavu cha mtu mzima ambacho mtoto hatakiwi kuwa nacho.

"Leteni hayo maji," akasema Mama Asifiwe.

Waliwaogesha kwenye beseni moja. Gwantwa aliwafunga mishipi kwa mkono wake, kifungo kwa kifungo, anabonyeza kila kimoja hadi kinashika. Picha zilipotokea zilikuwa mbaya kupindukia: mikwaruzo, tundu hapa, tundu pale, zinarukaruka kila mtoto alipolia. Wakubwa wa mradi wangefunika macho. Lakini pafu la kulia la Ambwene lilikuwa kijivu, rangi ya maji, kutoka chini hadi katikati, halisogei. La kushoto la Asifiwe nalo lilikuwa kijivu vilevile, kwa kiasi kilekile, ukitaka kusema kweli.

Mishipi ikafikiri. Kisha zikawaka taa mbili, zote nyeupe.

"Maana yake nini hiyo?" aliuliza Mama Asifiwe. "Sijawahi kuona nyeupe."

"Maana yake haujui," Gwantwa alisema. "Wote wana hali mbaya. Tofauti kati yao ni ndogo kuliko kosa la kipimo chenyewe. Ukinilazimisha nikutajie mmoja, nitakuwa nakudanganya."

"Na ile nyekundu ya mwanzo?"

"Kipimo cha mwanao kilikuwa cha kweli. Cha mwenzake kilikuwa uongo. Ndiyo maana mwanao alishinda."

Nje, juu ya mabati, ukasikika mlio wa Mwewe unashuka.

*

Mashine isipochagua, kanuni ya zamani ilikuwa bado ipo: anachagua mganga mfawidhi. Bwana Mwalwisi alisimama mlangoni na mvua inamrushia miguuni. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Miaka yote hii sijachagua," alisema. "Nilidhani nimepona."

Kindege kilikuwa kimetua kwenye nyasi, mlango umejifungua wenyewe, kiti kimoja na mkanda wake, taa za ndani zinawaka. Sakafu yake ilikuwa mizani; uzito ukizidi, hakikuruka. Hakikuwa na subira pia. Mawingu yakishuka zaidi, kingefunga mlango na kurudi kitupu.

"Kinabeba mgonjwa na mtu wa kumshika," Tusekile alisema ghafla. "Mgonjwa mtu mzima?"

"Hata mtu mzima," alisema Mwalwisi.

"Sasa hawa ni watoto. Wote wawili ukiwaweka pamoja hawafiki hata nusu ya mgonjwa mtu mzima."

Mshipi ulipangwa uchague mmoja, na wote wakauzoea hivyo. Tangu uje hakuna aliyeuliza kama ni lazima achaguliwe mmoja. Ulikuwa ukitoa jibu, na jibu likishatoka nani tena anauliza swali?

"Lakini wa kuwashika ni mmoja," Mwalwisi alisema.

"Ndiyo." Tusekile alikuwa mwanamke wa kimo na mifupa, wa ukoo wa watu wakubwa; hakuhitaji kuambiwa mizani ingesemaje juu yake. Akamgeukia Mama Asifiwe. Alipiga goti, kama mtu anayemsalimia mkwe. "Dada, wewe ni mwepesi. Nakuomba. Mbebe na wa kwangu."

Mama Asifiwe alimgeukia Gwantwa.

"Wewe mwenye mashine. Nikipanda nao wawili, hicho kidude kitafika?"

Gwantwa alikuwa ameshafanya hesabu kichwani. Alizirudia. Alitamani kwa moyo wake wote kusema ndiyo, kitafika, panda mama. Mtoto wa kaka yake alikuwa pale anakohoa, na neno moja tu la kujiamini lingemaliza shauri. Uongo mdogo, wenye nia njema. Kiraka kingine.

"Kwa hesabu zangu kitafika," alisema. "Lakini kikiwa kizito kinakula betri, na leo kuna upepo. Kikishindwa kitatua njiani, na hatuwezi kukufikia haraka. Ukienda na mwanao peke yake, una uhakika zaidi. Siwezi kukuahidi kitu, mama."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Mama Asifiwe alimtazama usoni, kwa muda mrefu kidogo, kama mtu anayekagua shuka sokoni kama lina tundu. "Afadhali," alisema hatimaye. "Tangu asubuhi ndilo neno la kwanza nililoliamini humu ndani."

Akavua koti lake la mvua, akampa Mwalwisi alishike. Akamfunga Asifiwe kifuani kwa kanga, fundo begani. Kisha akanyoosha mikono.

"Haya, mlete."

Tusekile alishindwa kumwachia. Mikono ilikubali, vidole vikagoma. Ilibidi Gwantwa avibandue vidole vya wifi yake, kimoja kimoja, huku Gwantwa mwenyewe analia waziwazi kama mtoto. Mama Asifiwe alimpokea Ambwene, akaingia naye kwenye Mwewe, akaketi na kumweka kwenye paja lililobaki wazi, akampangusa pua kwa ncha ya kanga yake mwenyewe.

"Akilia anabembelezwaje?"

"Anapenda kusuguliwa unyayo," Tusekile alisema. "Wa kushoto."

"Ana mambo huyu." Na mlango ukajifunga.

Mwewe kilisitasita juu ya nyasi. Kilipanda mita chache, kikashuka kidogo, wote watatu chini wakapiga kelele. Kikakaza injini, kikapanda tena, kikaingia kwenye wingu. Mlio wake ulibaki kidogo. Kisha ikabaki mvua.

*

Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na Gwantwa hakujua kungoja. Alikaa kwenye ngazi ya kituo, kishikwambi magotini. Ramani ya mkoa ilikuwa mbele yake, kila mshipi nukta moja, na nukta zilikuwa nyingi. Kila moja ilikuwa na kiraka. Kila moja ilikuwa kwenye baridi, kwenye msimu wa mafuta.

"Wataniua," alimwambia Mwalwisi.

"Nani?"

"Wakubwa. Nikivizima viraka vyote sasa hivi, zahanati zote zitaanza kuona taa nyeupe. Watauliza kwa nini. Nitawaambia. Watauliza ni wangapi tuliowakosea huko nyuma, na sitakuwa na jibu."

Mwalwisi aliketi kando yake, koti la Mama Asifiwe bado mikononi. "Nitaogopa kila ikiwaka nyeupe," alikiri. "Lakini leo nilimtazama mtoto. Unajua ni lini mara ya mwisho nilimtazama mtoto? Nilikuwa nasoma taa."

Gwantwa akaandika ujumbe wa kwenda kwa mishipi yote. Hakuupamba. Aliandika kwamba saketi yake ilikuwa inaficha vifungo vilivyokosa ngozi. Kwamba watoto waoshwe kifua na wasipakwe kitu hadi kipimo kiishe. Kwamba kina mama wasikemewe kwa hilo. Kwamba taa nyeupe si ubovu. Akaweka jina lake na namba yake ya simu chini. Akavuta pumzi, akagusa.

Simu ya kwanza ilikuja kabla hajanyanyuka. Ilikuwa ni bwana mkubwa mmoja wa mradi, na maneno yake hayafai kuandikwa. Gwantwa aliitikia, "Ndiyo, mzee. Nimesikia, mzee. Hapana, mzee, sivirudishi," mpaka bwana mkubwa akachoka. Simu ya pili ilikuwa ya muuguzi wa zahanati ya mbali, msichana kwa sauti.

"Dada mhandisi? Mshipi wangu umewaka nyeupe. Nina bibi hapa anapumua vibaya. Nifanyeje sasa?"

"Mwangalie bibi."

"Nimwangalie?"

"Weka sikio mgongoni. Hesabu pumzi. Muulize ameanza lini. Mwambie ukweli kwamba mashine haijui, na kwamba mko wawili mnaotafuta. Ukikwama nipigie tena, kuna mganga yuko hapa amekaa bure."

Mwalwisi alipokea simu ile ilipopigwa tena, na iliyofuata, na nyingine. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta funguo gizani. Baadaye ikachangamka. Alianza hata kugomba.

Tusekile alikuwa amekaa chini kwenye baraza, miguu ameinyoosha, kanga mikononi. Hakuwa amelia. Gwantwa alipomletea chai aliishika tu mpaka ikapoa. Kisha simu ya kituo ikaita, namba ya hospitali kubwa, na wote watatu wakaiangalia bila kuigusa. Mwalwisi ndiye aliyebonyeza, akaweka sauti kubwa.

Kulikuwa na kelele za korido, mtu anaita jina la mtu, kitanda cha magurudumu. Halafu ile sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Haloo! Yuko wapi huyo mama yake?"

"Nipo, dada." Tusekile alikuwa ameshasimama. "Nipo hapa. Wamefika?"

"Tumefika. Upepo umetupiga, nimesali sala zote, hata za dini ambazo si zangu. Wote wamewekewa hewa puani. Daktari anasema tumewahi." Sauti ikapanda. "Ila mwanao hana adabu."

"Amefanya nini?"

"Amenikojolea! Gauni lote, hadi kwenye viatu! Huko juu mawinguni, mkanda umenibana, siwezi hata kusogea! Na hii ndiyo nguo niliyokuja nayo, sina nyingine."

Tusekile alifungua mdomo aombe radhi, kama mke aliyelelewa vizuri. Badala yake alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini barazani pale pale, anacheka na kulia kwa pamoja, kanga imefunika uso.

"Mnacheka?" iliuliza simu. "Haya, chekeni. Mtoto akikukojolea ameshakukubali, walisema wahenga sijui wa wapi. Sasa nisikilizeni. Wanauliza hapa, huyu wa kiume anaitwa nani? Nimempeleka mtoto wa watu angani, na jina lake sikuuliza."

"Ambwene," Tusekile alisema, akijifuta. "Mwambie daktari anaitwa Ambwene. Na wewe, dada, jina lako nani?"